Foleni ya benki, wakala na simu: namna ya kuzitumia ili msimu usikupite

Wiki hizi nimezunguka na vijana wa Mombo, Magoma, Mkata na Kabuku, na swali lililojirudia kuliko la viwavijeshi au la mbolea ya ruzuku ni la benki. Wengine wanauliza kwa nini wakaa tawini saa tatu kwa jambo la dakika tano. Wengine wanauliza kwa nini mwenzao wa ekari 3 kapewa mkopo, wao wenye ekari 8 wakarudishwa. Ukiyaangalia vizuri, maswali haya yanahusiana, ndiyo maana leo tunayasoma pamoja.

Niseme mapema: mimi ni afisa ugani, si mtu wa benki, na simpigii debe yeyote. Ila nimekaa na wakulima mbele ya meza za maafisa mikopo mara nyingi za kutosha kujua wanaangalia nini na wanakataa kwa sababu gani.

Tawi limebadilika, sisi tunalitumia kizamani

Wazee wetu walizoea benki moja. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mabenki yalitaifishwa ikaundwa NBC. Ulikuwa unajaza karatasi, karani anafungua leja, anapeleka kwa mkubwa wake kusaini, ndo unaitwa dirishani. Mwaka 1991 sheria ikaruhusu benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na kipande kimojawapo ndicho NMB, iliyochukua matawi mengi ya wilayani. CRDB nayo kabla ya kubinafsishwa mwaka 1996 ilikuwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Kwa hiyo yule anayekwambia mkulima ni mgeni benki hajui historia. Benki mbili kubwa za nchi hii zimekulia kwa watu kama sisi.

Kisha simu ikaingia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Vodacom wakaileta kwetu mwaka 2008. Mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki, na hapo ndipo kibanda cha duka pale Segera kikaanza kufanya kazi iliyokuwa ya dirisha la benki Korogwe mjini. Leo ukipiga *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB unaona salio, unahamisha hela, unalipa. Hata kitochi kinatosha, si lazima simu janja.

Sasa angalia foleni ya tawini siku ya Jumatatu, au wakati wa mavuno. Ukiwauliza watu waliosimama pale, wengi wamekuja kuweka, kutoa au kuuliza salio. Mambo hayo matatu yote yanafanyika nje ya tawi. Anayeumia ni yule aliyekuja kwa jambo ambalo mashine haiwezi: mkopo, malalamiko, kubadili watia saini wa kikundi. Huyu anakaa nyuma ya watu 40 wanaouliza salio.

Benki zenyewe zinajua. Ndiyo maana matawi mengi yameweka mashine ya kutoa namba, yakatenga madirisha kulingana na huduma, na mlangoni kuna mtu wa kukuuliza umekuja kufanya nini. Mtu huyo msimpite tu kama mlinzi. Mwambie wazi, "Dada, shikamoo, nimekuja kumwona afisa mikopo wa kilimo." Ukinyamaza unapewa namba ya foleni ya kawaida, na siku yako imeisha. Nimeona hili likitokea kwa kijana aliyekuwa na makaratasi yote tayari: alisubiri dirisha la kutoa fedha hadi saa saba, alipofika akaambiwa mkopo ni chumba cha pili, na mwenyewe katoka kwenda kijijini kukagua mashamba.

Hesabu ya siku moja ya foleni

Tuseme unakaa Kwamsisi na unakwenda Handeni mjini kuweka laki nne za mahindi. Bodaboda na gari kwenda na kurudi, tuseme elfu 20. Chakula elfu 3. Kibarua uliyemwachia palizi umlipe elfu 8. Hapo ni elfu 31 kwa kuweka laki nne, sawa na karibu asilimia 8 ya hela yenyewe. Na hujahesabu hatari ya kutembea na fedha taslimu kwenye gari ambalo kila mtu anajua leo ni siku ya gulio.

Weka bei za kwenu uone inakuja ngapi. Barabara ya Korogwe–Handeni, kilomita 65, ni lami sasa, na ile ya Handeni–Mkata kilomita 54 vilevile, kwa hiyo aliye kandokando ya lami atapata namba ndogo. Aliye ndani huko ndiye anayelipia foleni kwa bei kubwa.

Wakala: mtumie kwa akili

Wakala wa benki si sawa na wakala wa mtandao wa simu, ingawa mara nyingi ni mtu yuleyule, meza ileile. Ukiweka kwa wakala wa benki hela inaingia kwenye akaunti yako moja kwa moja. Ukiweka kwenye simu halafu uhamishe kwenda benki, unaweza kukatwa kwa kuhamisha. Kidogo kidogo hicho kinakula mfuko mzima wa mbolea kwa mwaka.

Kingine kinachowachanganya wengi ni floti. Wakala ana hela za aina mbili: za mkononi na za kwenye mashine. Ukienda kuweka, yeye anapokea noti na kutoa floti ya mashine. Ukienda kutoa, ni kinyume. Msimu wa mavuno wanunuzi wakishuka Mkata na Kabuku, kila mkulima anataka kuweka, floti inakwisha saa nne asubuhi. Msimu wa kulima kila mtu anataka kutoa, noti zinakwisha. Hilo si jambo la kugombana. Mpigie jana yake: "Kaka, kesho nina milioni moja na nusu ya kuweka, utakuwa na floti?" Akisema hana, gawa kwa siku mbili au tafuta mwingine. Wakala mzuri mwenye namba yako ni mali ya shamba kama pampu.

Mambo ambayo usiyakubali hata kama wakala ni shemeji yako. Usiache hela kwake eti mtandao umekata, ataingiza jioni. Muamala ufanyike mbele yako, ujumbe uingie kwenye simu yako, risiti utoke nayo. Kama mtandao hakuna, ondoka na hela yako. Usimpe namba ya siri akubonyezee. Na usimlipe ada ya pembeni mkononi, maana makato halali yanapita kwenye mfumo wa benki, si mfukoni mwa mtu. Akikulazimisha, chukua namba yake ya uwakala, ipo kwenye risiti na kwenye bango, ipeleke tawini.

Hapa ndipo mkopo unapopatikana au kupotea

Sehemu hii isomeni taratibu, wadogo zangu.

Afisa mikopo hajawahi kuliona shamba lako. Anachokiona kwanza ni kompyuta, na kwenye kompyuta kuna mzunguko wa akaunti yako, kwa kawaida wa miezi 6 mpaka 12 iliyopita. Kijana wa ekari 8 aliyeuza mahindi ya milioni sita, akalipwa taslimu, akanunua pikipiki taslimu, akalipa vibarua taslimu, machoni pa kompyuta ile hajauza kitu. Ana akaunti yenye elfu 12. Kijana wa ekari 3 za mpunga pale Mombo ambaye kila gunia lililouzwa lilipita kwenye akaunti kwanza, hata kama alitoa kesho yake, anaonekana ni mtu wa biashara. Ndo maana mdogo anapewa na mkubwa anarudishwa. Sio upendeleo, ingawa naujua uchungu wake.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba hela ya mauzo ipite kwenye akaunti kabla haijatumika. Mnunuzi akiweza kukulipa kwa kuhamisha, bora zaidi, maana inaonekana imetoka kwa nani. Ukiuza mboga au machungwa barabarani pale Segera, chukua namba ya kulipia, ile ya Lipa kwa Simu, mteja alipe humo. Vijana wa mkonge kule Magoma na Ngombezi, malipo yenu yakipitia chama cha ushirika kwenda benki basi mna rekodi tayari. Msiiharibu kwa kumwambia katibu akulipeni dirishani taslimu kwa sababu mna haraka.

Sasa kuna tatizo nalikuta sana Handeni, na halisemwi. Kijana ana miaka 24, anafanya biashara nzuri, ila laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mjomba. Usajili wa alama za vidole ulipobana Januari 2020, wengi hawakuwa na kitambulisho cha NIDA, ndugu mwenye nacho akawasajilia. Miamala yote ya miaka hiyo ni ya mjomba! Wewe mbele ya benki hujazaliwa. Piga *106# uhakiki laini ipo kwa jina la nani. Kama si lako, nenda na NIDA yako usajili ya kwako, kisha uiunganishe na akaunti. Lifanye mwezi huu, kwa sababu miezi 6 ya rekodi inaanza kuhesabiwa siku ile, hairudi nyuma.

Na kuna madeni madogo. Benki Kuu ilitoa leseni mwaka 2013 kwa taasisi mbili za kutunza taarifa za mikopo, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Unapoomba mkopo, benki inaangalia huko. Ile elfu 40 uliyokopa kwenye simu kupitia huduma inayoendeshwa na benki, ukabadilisha laini ukidhani umeikimbia, inaweza kuwa imekaa pale na jina lako. Ilipe, dai uthibitisho kwamba imelipwa, halafu ndo uende tawini. Programu za mikopo za mitandaoni nazo muwe nazo macho. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Hizo zinachukua majina ya watu wote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili zinamtumia mchungaji wako ujumbe kwamba wewe ni tapeli.

Tisa ya mwaka na tisa ya mwezi

Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. NMB na CRDB zikashusha riba ya mikopo ya kilimo hadi asilimia 9. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya hatari ya mkopo wa mkulima mdogo kwenye benki za kawaida. Muulize afisa mikopo, kwa maneno haya: "Mkopo huu unaingia kwenye riba ya kilimo? Na tawi hili linatumia dhamana ya TADB?" Usipouliza unaweza kupewa mkopo wa biashara ndogondogo wenye riba kubwa zaidi, kwa sababu tu umesema una duka la pembejeo pia.

Tufanye hesabu. Milioni 3 kwa asilimia 9 kwa mwaka, ukikaa nayo miezi 6 na kulipa kwa mkupuo, riba ni 135,000. Kuna ada na bima, ziulize. Tuseme sasa umechukua mkopo wa simu wenye makato ya asilimia 9 kwa mwezi, ukauzungusha miezi hiyohiyo 6. Riba inakuwa 1,620,000. Namba ni ileile, tisa, ila moja ni ya mwaka na nyingine ni ya mwezi. Mkopo wa simu una kazi yake, kama dawa ya haraka imeisha na wadudu wameshaingia, ila si wa kulimia.

Jambo la pili kwenye mkopo, ambalo naona ni kubwa kuliko riba, ni ratiba ya marejesho. Mpunga wa SARO 5 unakaa takribani siku 120. Ukipewa milioni 3 kwa miezi 6, marejesho ya kila mwezi, maana yake mwezi wa kwanza tu unadaiwa laki tano na riba juu, na mpunga bado ni miche. Utalipa kwa nini? Utalipa kwa hela uliyokopa, mbolea ya kukuzia hutanunua, mavuno yatashuka. Dai marejesho ya mkupuo baada ya mavuno, na uongeze mwezi mmoja au miwili ya kusubiri bei ipande. Kwa mkonge ni mbali zaidi, kwani mkato wa kwanza ni baada ya miaka kama mitatu. Usisaini mkopo wa mkonge mpya usio na kipindi cha neema, yaani muda ambao hulipi, labda uwe na zao lingine la kubeba marejesho.

Mfumo wa kompyuta wa benki unaweza kuleta ratiba ya kila mwezi yenyewe. Mashine haijui mpunga. Afisa anaweza kuiombea mabadiliko, lakini akiombwa kabla ya kusaini. Hapa ndipo unapoona kwa nini mkopo ni kazi ya tawini, ana kwa ana.

Hela ikipotea njiani

Unatoa kwenye ATM, mashine inakoroma, hela haitoki, ujumbe unasema umekatwa. Au umehamisha kwenda kwa muuza mbegu, kwako imetoka, kwake haijaingia. Usirudie muamala palepale. Piga picha ujumbe, andika saa na mahali, piga simu huduma kwa wateja, omba namba ya lalamiko. Namba hiyo ndiyo ushahidi. Mara nyingi hela inarudi yenyewe ndani ya siku chache. Isiporudi, nenda tawini na barua fupi yenye namba ile, upate muhuri kwenye nakala yako. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki ishughulikie malalamiko yako, na ukiona unazungushwa, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja. Anza na tawi kwanza, ila usiishie kunung'unika kijiweni.

Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnawajua. Wapya wanajifanya watu wa benki: "Mkopo wako umepitishwa, lipia elfu 50 ya fomu." Benki hailipishi fomu kwenye namba binafsi ya mtu. Ujumbe wa namna hiyo, ripoti kwa kutuma kwenda 15040.

Siku ya kwenda tawini

Epuka Jumatatu na tarehe za mishahara. Jumatano asubuhi ni pazuri kwa matawi mengi. Piga simu kabla kuhakikisha afisa mikopo yupo, maana naye anatembelea mashamba. Beba NIDA na nakala, barua ya serikali ya kijiji, hati ya kimila kama unayo au mkataba wa kukodi shamba uliopita kwa mtendaji, usajili wako wa mkulima wa mbolea ya ruzuku, na karatasi moja ya mchanganuo: ekari, gharama kwa kila ekari, mavuno unayotarajia, bei ya chini uliyowahi kuuzia. Andika bei ya chini, si ya juu. Afisa anaijua bei ya gulio kuliko unavyodhani, na ukimpandishia bei anaacha kukuamini kwenye mengine pia.

Vikundi vinavyofuatilia ile asilimia 10 ya halmashauri, 4 za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu, hakikisheni watia saini wa akaunti wapo hai, wapo kijijini, na simu zao zinapatikana. Kikundi kimoja cha Korogwe kilichelewa kupanda kwa sababu mtia saini wa pili alikuwa amehamia Dar na muhtasari wa kumwondoa haukuwa na sahihi za kutosha. Kubadili mtia saini kunafanyika tawini tu, kwa muhtasari wa kikao, na kunachukua muda.

Kwa hao wa vuli, mbegu inaingia ardhini Oktoba. Mkopo una kutembelewa shamba, kupitishwa, kusajili dhamana, kuingizwa. Maombi yawe mezani kwa afisa kabla ya Agosti haijaisha. Kwa wa masika, kabla ya Krismasi. Anayepeleka maombi wiki mvua ilipoanza atapata hela wakati wa palizi ya kwanza, na mimi nitakutana naye ananiuliza kama bado anaweza kupanda.

Kwenye karatasi ya mchanganuo, mkikwama, njooni ofisi ya kata na daftari lenu la gharama. Tutaijaza pamoja, haichukui hata saa moja.